Mwanya kwenye Minyaa

Ua wa nyuma ya nyumba yangu hapa Katoro ulikuwa wa minyaa, na minyaa ile ilirefuka hadi ndege za kwenda Mwanza zikawa zinapinda kidogo zikifika juu ya choo changu. Walioipanda ni marehemu mke wangu na jirani yetu, Mama Mapacha. Walikata vijiti kwenye boma la zamani ng'ambo ya barabara, wakavichomeka ardhini mvua zilipoanza, wakicheka kutwa huku macho yamewavimba kwa utomvu kama waliopigana na nyuki. Kabla vijiti havijashika mizizi, wakaanza kupita katikati yake. Huyu anafuata chumvi, yule anafuata kaa la moto, huyu amesahau alichofuata. Walipopita, mnyaa haukuota. Pakabaki mwanya wa kumtosha mwanamke mmoja aliyebeba beseni.

Mke wangu alipofariki, watoto walikuwa wameshatawanyika, mmoja Chato, wengine Dar es Salaam, wananipigia simu Jumapili kwa Jumapili kama ibada. Nikabaki na vyumba vinne, na ukikohoa kimoja, vitatu vinaitikia. Lakini kila asubuhi saa moja, kanga ya Mama Mapacha ilichomoza kwenye ule mwanya, na salamu yake ya Kisukuma.

"Mwangaluka, shemeji!"

"Mwangaluka!"

"Umeamka au umefufuka?"

"Nimefufuka. Uji upo?"

"Upo kwa waliooga."

Basi. Anateka ndoo mbili kisimani kwangu bila kuomba, anarudi kwake. Baada ya hapo ningeweza kukaa hadi jua linazama bila mtu kuniita chochote cha maana. Naziba pancha za baiskeli pale sokoni, na wateja huniita fundi. Hata mbuzi angeshika pampu wangemwita fundi.

Kosa langu lilitoka kwenye elimu. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka hamsini na mitatu, na katika masomo yote jiometri ndiyo iliyonipanda kichwani. Minyaa ilipoanza kukauka, na mbuzi wa mtaa mzima wakaigeuza bustani yangu ya mchicha kuwa hoteli, niliamua kuweka mabati. Nikachora ramani kwa rula na penseli. Mstari ulinyooka hadi nikauonea huruma mstari wa ikweta.

Fundi wa mabati alikuja wiki ambayo Mama Mapacha alikuwa Bugarama, kwa binti yake mmoja aliyejifungua. Aling'oa minyaa, akachimbia nguzo za mkaratusi, akaanza kupigilia. Alipofika kwenye mwanya akasimama, nyundo mkononi.

"Mzee, hapa pamekanyagwa. Hii ni njia. Niache mlango?"

"Kwenye ramani upo?"

"Ramani haina. Ardhi ndiyo inao."

"Fundi, umbali mfupi kuliko wote kati ya nukta mbili ni mstari ulionyooka."

"Haya, profesa. Mimi yangu misumari tu."

Akapigilia. Niapie nini, sikuwa na nia yoyote mbaya. Nilikuwa nautazama mstari.

Asubuhi ya kwanza baada ya Mama Mapacha kurudi, saa moja ilinikuta nje, nimeoga. Nikasikia ndoo ikiwekwa chini upande wa pili wa mabati. Kisha ndoo ikainuliwa, na hatua zikaenda taratibu kuelekea barabarani, kwenye bomba la watu wote. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu tulikutana barabarani.

"Habari za asubuhi, mzee wangu," akasema, akapita.

Miaka ishirini nilikuwa shemeji. Nilizeeka palepale kwa miaka themanini.

Kwetu, ukitaka kumfukuza jirani humtukani. Unaziba anapopitia, halafu husemi neno. Nalijua hilo tangu utoto. Bibi yangu kule Shinyanga aliwahi kuzibiwa kwa miiba, akalia wiki nzima. Nalijua kama ninavyojua kula ugali, na bado nilisimama nikiangalia misumari inaingia.

Nikazunguka kwa barabara hadi kwake, nikapiga hodi. Alinikaribisha vizuri mno, na hapo ndipo nilipoogopa. Alileta kiti, akakifuta kwa ncha ya kanga, akakiweka katikati ya uwanja. Akaninawisha mikono. Akachinja kuku. Nyumba ile niliyokuwa nikichungulia sufuria zake bila kuulizwa, leo nimekaa wima kama diwani.

"Mama Mapacha, sikukufukuza. Nilisahau kuweka mlango."

"Mtu anasahau mlango?"

"Haukuwepo kwenye ramani."

Alikaa akichambua mchele, hakuinua macho. "Mimi kwa mkeo nilifiwa na dada, mzee wangu. Nimerudi safari nikakuta na njia yake imezikwa."

Nilipoaga alinisindikiza hadi barabarani, kama anavyosindikizwa mgeni.

Kesho yake niliazima mkasi wa bati, nikakata mwenyewe palepale pa zamani. Kingo nikazikunja kwa nyundo zisije zikachana kanga ya mtu. Vidole vyangu ndivyo vilivyochanika. Sikuweka mlango. Nikasubiri. Asubuhi ya kwanza, hakuna. Ya pili, ya tatu, ya nne, jogoo tu alipita, naye hakunisalimia.

Asubuhi ya tano ndipo akili iliponijia, imechelewa kuliko basi la Ushirombo. Wale wanawake wawili hawakukata mwanya. Waliupita, basi ukawa mwanya. Nikateka ndoo mbili za maji, nikapita mwenyewe kwa ubavu, nikasimama karibu na jiko lake.

"Mwangaluka!"

"Mwangaluka, mzee wangu. Karibu."

Akaleta kiti.

Sasa naenda kila siku. Namwaga maji kwenye pipa lake, tunaulizana hali, namwambia uongo wangu wa sokoni. Juzi alicheka, akaficha mdomo kwa kiganja. Jana alinilalamikia mgongo. Lakini kiti bado anakileta mwenyewe na kukifuta, nami nakaa dakika tano, magoti pamoja, kisha narudi kwenye vyumba vyangu vinne. Nangoja asubuhi atakayoniambia, bila kugeuka, kwamba kiti kiko ndani, nikachukue mwenyewe.