Bwana Usihukumu na Wakwe Wasiosema Mezani

Wanafunzi wake walimwita Bwana Usihukumu, na si kwa mapenzi. Kila mwaka alisimama mbele ya darasa la utangulizi wa anthropolojia, akafuta ubao kwa kiganja, akasema yale yale: somo hili linamchunguza binadamu jinsi anavyoishi na wenzake, anakula na nani, anaoa wapi, anamlilia vipi maiti wake. Ukiona jambo geni, usikimbilie kusema ni upuuzi. Kaa na wenyewe, shika kazi yao, uliza, kisha ndipo ufungue mdomo.

Aliwatuma wakakae siku nzima na familia wasiyoijua. Kijana mmoja akarudi na kusoma mbele ya wenzake: "Watu hawa ni wavivu. Wanalala mchana."

"Uliwauliza kwa nini?"

"Hapana, mwalimu. Ilikuwa inaonekana tu."

"Inaonekana! Baba ni mlinzi, mama ni muuguzi wa zamu ya usiku. Ulitaka walale lini, kaburini?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alirudi nyumbani amefura, akamsimulia mkewe kisa hicho tangu mlangoni mpaka jikoni.

Lakini nyumbani nako kulikuwa na la kumkera. Binti yao alichumbiwa na mtoto wa fundi wa kuchomelea vyuma, na wazazi wa kijana walikuwa waje Jumapili kusikia jibu. Baba alishakata shauri: hapana. Alipoalikwa kwao chakula cha mchana, mkewe akiwa kazini, alichelewa, akakuta wanapakua. Hakuna aliyesema neno mezani. Alijaribu habari za mvua, akajaribu za mpira, akajibiwa kwa tabasamu. Aliponawa tu, akaaga.

"Wanajidai wale," alimwambia mkewe. "Nyumba inayokula kimya haina upendo."

"Uliwauliza, baba watoto?"

"Mambo mengine yanaonekana tu."

Mkewe akaweka mwiko chini. "Hebu rudia, ujisikie mwenyewe."

"Ile ni kazi! Hapa tunazungumzia mwanangu!"

Hapo ndipo watu wa namna yake wanapochosha. Kanuni wanayowachapia wengine, wakifika kwao wanaivua pamoja na viatu.

Jumamosi alikwenda karakana ya yule fundi, nia yake ikiwa kupata ushahidi wa kiburi. Fundi alimpa miwani ya kukinga macho, akamwonyesha ncha ya dirisha la chuma, ashike. Akashika. Fundi alipogeuka kuchukua nyundo, mwalimu akamsemesha. Kimya. Akapaza sauti. Kimya.

"Dharau gani hii!" akafoka, jasho likimtiririka.

Mke wa fundi aliingia na birika la chai. Akamgusa mumewe begani, naye akageuka, akamtazama mdomo.

"Unampigia kelele bure, mwalimu," mama akasema. "Mashine zimemmaliza masikio. Mtu mmoja akimtazama usoni, anaelewa. Mezani tukiongea wote alikuwa anageuza shingo huku na huku kama feni, mwisho akahamishia sahani yake chumbani, akawa anakula peke yake. Watoto wakakataa. Wakasema hakuna kuongea mpaka chakula kiishe, ndipo tutoke uani tukae tumtazame, mmoja mmoja. Siku ile tulikuwekea kiti huko. Ukaondoka."

Alirudi kwake akiwa mdogo kama punje. Akamgeukia binti yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, baba. Ulikuwa unaeleza."

Jumapili wageni walifika, wakaketi mezani. Mwalimu alijaa maneno mpaka kooni. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza. Akameza. Walikula kimya, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi yule kijana alivyomsogezea babake maji kabla hajayatafuta, na jinsi binti yake alivyojua tayari nani anataka nini.

Sahani zilipoondolewa, alivuta kiti chake mpaka mbele ya fundi, penye mwanga wa dirisha.

"Nimekubali," akasema, akitanua kila neno. "Na niliwahukumu. Nisamehe."

Fundi alimtazama mdomo mpaka ulipotulia.

"Nimekusamehe, mkwe," akasema. "Ila usipanue mdomo hivyo. Mimi ni kiziwi, si daktari wa meno."