Ekari Mbili za Timau Zisizo na Karatasi

Mwanangu, kuna siku moja ya baridi kule Timau ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini mgongo wangu ulikuwa umebeba magunia sokoni Gakoromone miaka sita, na mgongo huo ndio ulioninunulia shamba. Leo watu wakiona malori yangu mawili hudhani nilirithi. Sikurithi hata jembe.

Muuzaji alikuwa Mzee Mutwiri, mtu mnyoofu. Tulifanya kama wazee wetu walivyofanya: nikaleta mbuzi, nikaleta miraa iliyofungwa kwa majani ya mgomba, tukazunguka mpaka wote na mashahidi wawili, kila kona tukichomeka mti. Nikamlipa yote. Nyama ikiwa motoni, Mutwiri akasema, "Sasa twende kwa mwalimu atuandikie. Wewe utie sahihi, mimi nitie, na hawa wazee nao watie."

Hapo roho iliniruka. Nilijiona nimepewa karatasi mbele ya wale wazee, nami siwezi kusoma mstari mmoja bila kukwama. Mwanamume aliyetoka kulipa ekari mbili, aumbuliwe na kalamu? Nikacheka.

"Mzee, kwani kati yetu mwizi ni nani? Karatasi ni ya watu wasioaminiana."

"Hata ndugu huandikiana, kijana."

"Mimi nikisema nimesema."

Shahidi mmoja akanisifu. Wa pili, Mzee M'Ikiara, alinitazama tu, akaendelea kutafuna miraa. Mutwiri akakata nyama, tukala.

Nililima viazi pale miaka saba. Nikajenga nyumba ya mbao, watoto wangu wawili wakazaliwa humo. Bodi ya ardhi, inayotoa kibali cha kuuziana shamba, sikuikanyaga, na hati ikabaki kwenye sanduku la Mutwiri, kwa jina lake. (Kumbe nilikuwa nalima shamba la mtu kwa nguvu zangu zote.) Kisha Mutwiri akafariki, na mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Mombasa akarudi kugawa urithi. Alikuja kwangu kwa heshima.

"Ndugu yangu, baba alikukodishia mpaka lini?"

"Hakunikodishia. Aliniuzia."

"Nionyeshe basi mlipoandikiana, nami niende zangu."

Sikuwa na la kuonyesha. Tukafika kortini. Shahidi aliyenisifu alikuwa ameshazikwa. M'Ikiara alieleza ukweli wote, lakini hakimu alitaka mkataba ulioandikwa, wenye sahihi zetu sisi wawili na ya shahidi, na kibali cha bodi. Nikashindwa. Nyumba niliibomoa mwenyewe, ubao kwa ubao, mke wangu akiokota misumari na kuitia kwenye ndoo.  

Lakini siku ile ya hukumu, nje ya korti, nilikuwa nimeanza kumtukana yule kijana. M'Ikiara akanishika mkono.

"Mwache. Hakudanganya, hakuwepo tu. Mutwiri alitaka mwandikiane, ukamjibu kwa majivuno. Mimi nilikuona midomo ikikukauka. Ulikuwa unaficha kwamba hukusoma."

Mficha uchi hazai, mwanangu. Ekari mbili sikunyang'anywa na mtu. Nilizitoa mwenyewe ili nisionekane sijui kusoma.

Kusoma nilijifunza baadaye, nikiwa na ndevu. Hata hivyo, usingoje ujue. Kama hujui, mwambie unayemwamini akusomee kwa sauti, mara mbili, kisha utie kidole gumba mbele ya shahidi. Kabla ya kulipa, nenda ofisi ya ardhi uhakikishe shamba ni la anayekuuzia. Andikeni namba ya shamba, ukubwa, bei na majina yenu kamili, mtie sahihi, kisha mwende bodi pamoja mapema, mkiwa hai wote wawili. Mbuzi mchinje, mila ni nzuri na nyama ni tamu, lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtu mwema akikuomba mwandikiane, usione amekutukana. Anawafikiria wale watakaokuja baada yenu, ambao hawakusikia mlichosema.

Mungu akujalie udongo wa kuuita wako, na watoto wako waulime bila kuulizwa na mtu ni wa nani.