Mwaka Ambao Bosi Alikuwa Tajiri

Fundi mmoja wa mageti aliitwa Bosi, jina alilojipachika mwenyewe kabla watu hawajamchagulia baya zaidi. Tumbo la ubosi alikuwa nalo. Mengine yote yalikuwa bado njiani. Barua ya ofisi ya kodi ilipofika, ikisema asipolipa deni mashine yake ya kuchomelea itachukuliwa, alivaa shati la arusini akatangaza kwamba anakwenda kupatana. Hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza, hata dawa ya kikohozi.

"Utapatana bei ya kitu usichokijua?" mkewe alimuuliza, mikono imejaa povu la nguo. "Kachukue kwanza kumbukumbu zako za kodi, za miaka yote, uone hilo deni limezaliwa wapi. Domo lako litangoja."

Bosi alinung'unika, lakini alikwenda. Dirishani alimkuta karani anayepiga miayo utadhani analipwa kwa kila mwayo. Karani alimchapishia karatasi, akazipitia kwa kidole. Mwaka huu vijisenti, ule vijisenti, mwingine hakuna kitu. Kisha kidole kikasimama.

"Mwaka huu ulipata faida kubwa, baba. Uliijaza mwenyewe, lakini kodi yake hukulipa. Zilizobaki ni riba na faini, zimezaana humo humo."

Bosi aliutambua mwaka wenyewe. Ulikuwa mwaka wa posa. Baba mkwe, mwenye duka la vyuma, alitaka ushahidi wa kipato. Bosi, aliyekuwa akichomelea kwa mashine ya kuazima, alijaza kwenye fomu ya kodi faida ya kampuni nzima, akaigongesha mhuri wa ofisi ya kodi, akaikabidhi mbele ya wajomba. Wajomba waliipokezana kwa heshima, naye akajiona mtu. Kodi yenyewe hakuikumbuka. Nani hukumbuka kodi akiwa anaoa?

"Faida hiyo haikuwepo," alinong'ona.

"Basi usiende kupatana bado," karani alisema, miayo imemkatika. "Ukiomba kupunguziwa, umeshalikubali deni. Andika ombi la kusahihisha, na ulete barua ya mtu uliyefanya naye biashara mwaka huo, anayeijua hali yako."

Mtu huyo alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyemuuzia vyuma: baba mkwe. Bosi aliona heri mashine ichukuliwe. Aliona hivyo mpaka alipofika nyumbani akaikuta mlangoni, imefunikwa gunia, mashine iliyosomesha watoto wake wote. Akageuza njia.

Baba mkwe alimsikiliza hadi mwisho huku akipanga makufuli.

"Nilijua," alisema. "Mtu wa faida kama ile angenikopa bawaba za geti moja?"

"Mbona hukusema, baba?"

"Nilikuomba karatasi ili useme huna. Ukaniletea mhuri. Nikamwambia binti yangu, huyu ni mwongo. Akasema anajua, lakini mageti yake hayapindi." Akachukua kalamu. "Lete hapa. Nimeisubiri barua hii tangu arusi."

Bosi aliona aibu na furaha kwa pamoja. Miaka yote hiyo alikuwa akimficha mkewe jambo ambalo mkewe aliolewa akilijua.

Afisa wa madeni aliisoma barua kwa sauti, ofisi nzima ikisikia: "Mwaka huo mkwe wangu hakuwa na kitu ila maneno. Bawaba alizonikopa hajazilipa hadi leo." Alicheka mpaka akavua miwani. Faida ya uongo ikafutwa pamoja na riba yake. Likabaki deni la kweli, dogo, la faini ya kujaza fomu kwa uongo, na hapo ndipo domo la Bosi liliporuhusiwa kufanya kazi. Akapatana kulipa kidogo kidogo. Mashine ilibaki mlangoni.

Kabla ya kurudi nyumbani alipitia dukani, akaweka pesa za bawaba mezani, kifua mbele. Baba mkwe alizihesabu, akazihesabu tena, kisha akamwangalia.

"Na riba?"