Glavu Zilizotoka Bapa

Ipo siku moja ya masika, mwanangu, ambayo ikinijia hata sasa hunijia na sauti zake: mvua juu ya bati, na mtoto anayelia taratibu kama paka aliyefungiwa kabatini. Nilikuwa na miaka kumi na saba hivi. Tulikaa Temeke, chumba kimoja na dada yangu Mwajuma, na mtoto huyo alikuwa wake. Alikuwa njiti. Alikuja kabla ya siku zake, mwepesi, ukimbeba unahisi umebeba kanga tupu.

Nesi alimwambia dada, "Huyu adui yake ni baridi. Kichwa, miguu na mikono visikae wazi." Kofia tukapata, soksi tukapata. Glavu za dukani zilimfika kwenye viwiko, akijitikisa zinaanguka. Nesi, Mungu amrehemu, akatuandikia kwenye karatasi ya daftari namna ya kufuma ndogo. Dada hakuwahi kushika sindano ya kroshia maishani mwake. Akanitazama mie.

Na mie nilikuwa na kichwa kikubwa. Mtaa mzima walinijua kwa vitambaa. Nyumba yoyote yenye makochi, ukiona kitambaa mgongoni mwa kochi, ujue ni mkono wangu, na kimelala bapa, hakina hata ukingo ulioinuka. Kufuma nilijua. Kusoma ndiko kulikonishinda, maana shule niliishia darasa la nne. Karatasi ile ilikuwa na maneno yaliyokatwakatwa, namba ndani ya mabano, vinyota huku na huku. Nikaitazama kama mtu anavyotazama siafu wakivuka njia. Nikaifunga kwenye pindo la kanga.

"Umeielewa?" dada akauliza.

"Kwani mie mtoto?"

Mficha uchi hazai, mwanangu. Mie nilificha.

Siku tatu nilifuma. Mizunguko miwili ya mwanzo niliibahatisha. Wa tatu ukasema usiongeze, na hapo nikaona kazi inaanza kujikunja. Sasa kwa mfuma vitambaa, kujikunja ni aibu. Kitambaa kikijikunja, mwenye kochi anakurudishia mbele za watu. Nikasema nesi kakosea. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Siku ya nne nikamkabidhi dada viduara viwili vyeupe, vimelala bapa kabisa, vinapendeza.

Dada akageuza kimoja, akakigeuza tena. "Hiki cha kuwekea kikombe cha chai?"

Angecheka ningepona. Hakucheka. Alishika kiganja cha mwanawe, kilichokuwa baridi na kucha zimeingia weusi, akakipulizia pumzi yake kukipasha moto. Akapulizia cha kulia, akahamia cha kushoto, akarudi cha kulia. Sijapata kupigwa kofi zito kama lile.

Nikavuka uwani kwa Bi Tatu, jirani yetu, mama mtu mzima aliyenifundisha kushika kroshia. Alikuwa anachagua mchele barazani.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Kiburi chako umekuja nacho, au umekiacha ndani?"

Keshasikia yote. Kuta zetu zilikuwa nyembamba. Akasukuma ungo pembeni, akachukua sindano na uzi. "Haya, nisomee. Mie, unajua, kusoma sijui hata kidogo."

"Maneno yenyewe yamekatwa, Bi Tatu, yaani ukiangalia ni kama..."

"Nimekwambia unieleze? Soma."

Nikasoma. "Ngz nane."

"Ngz ndo mdudu gani?"

"Nadhani nguzo, ule mshono mrefu."

"Unadhani, au ndiyo?"

Nikaipeleka karatasi kwenye mwanga. Kumbe kule chini, pembeni, nesi alikuwa ameandika kwa herufi ndogondogo kila kifupisho na maana yake. Hata vinyota vilielezwa: kutoka nyota mpaka nyota, rudia. Siku tatu nimetembea nayo pindoni, na pembe ile sikuwahi kuifikia.

Tukaenda mstari kwa mstari. Bi Tatu hafanyi jambo kabla sijalitamka. Tukafika mzunguko wa tatu. "Moja moja, usiongeze," nikasoma, kisha nikaropoka, "hapa kakosea, kazi itajikunja."

Akaniangalia. "Kitambaa kinalala juu ya kochi. Mkono nao unalala?"

Nikarudisha macho kwenye karatasi.

"Soma, mwanangu."

Moja moja, usiongeze. Moja moja, usiongeze. Sauti yangu ikawa kama uradi. Mvua ilishuka mbele ya baraza mpaka nyumba ya pili ikafifia, tukabaki sisi wawili na uzi mweupe uliopanda kutoka kikapuni taratibu, kama moshi wa ubani. Nikawa sijui tena nani anafuma, yeye au mvua. Na kile kilichonitia aibu siku tatu, kule kujikunja, nikakiona kinainua kingo zake, kinazunguka, kinakuwa kikombe, kinakuwa kifuko, kama ua linalojifumba. Bi Tatu akaninyooshea. "Tia kidole."

Nikatia. Ndani kulikuwa na joto.

"Ya pili ni yako. Weka karatasi." Na yule mama asiyejua kusoma akanitajia mizunguko yote kwa kichwa, hakukosea hata mmoja.

Tulipomvisha, mtoto alitikisa mikono, glavu zikabaki. Dada akavishika viganja, akasubiri. Akasubiri sana. Kisha akasema, "Vimepata joto," akakaa chini, akalia.

Mtoto huyo leo ana mvi, ni fundi ujenzi, na ukuta wa nyumba yangu hapa Chanika kaujenga yeye, kwa viganja vipana kama sepetu. Juzi mjukuu wangu kaja kutoka Kimara na simu yake, anafuma glavu za mtoto wa shoga yake, karusha uzi: "Bibi, haya maelezo hayaeleweki!" Nikamwambia soma kwa sauti, anzia pembeni kabisa.

Nawe nakwambia hivyo hivyo. Mazoea yana taabu. Yanakufanya uone kosa la mwenzio pale ambapo hujafika bado. Usichokielewa kisome kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya mtu atakayekuuliza unadhani au ndiyo. Usiongeze pale ulipoambiwa usiongeze, mpaka uone kazi inakwenda wapi. Na ukikwama, vuka uwani siku ya kwanza, usingoje ya nne, maana wakati wewe unalinda jina lako, kuna mkono wa mtu unapoa.

Nenda, mwanangu. Mungu akutie joto mikononi, akupe jirani mwenye maneno makali na moyo laini, na kila utakachokifuma kimfae utakayemvisha. Amina.