Uso wa Mama Kwenye Bango la Watu

Uchaguzi ulioniumiza kuliko wowote sikuupigia kura, na nchi yenyewe sijawahi kuikanyaga. Ulifanyika huko Ulaya, kwenye jimbo lenye lugha yake na bendera yake, ambalo kwa muda mrefu limekuwa likitaka kujitenga na nchi yake. Mimi ni muuza vitenge wa Korogwe, nakaa Masuguru. Mtu angeniambia zamani kwamba nitakosa usingizi kwa ajili ya wapiga kura wa Ulaya, ningemcheka mpaka akasirike.

Mama yangu alikuwa akiishi peke yake Kwaluguru, kule Handeni, kwenye nyumba aliyoijenga na baba. Macho yalikuwa yameanza kumtupa. Maji aliyachota lamboni, bwawa la kuchimbwa ambalo ng'ombe nao hushuka kunywa, na njia ya kushukia ina utelezi mbaya. Kila nilipomsihi ahamie kwangu alikataa. Alisema hawezi kumwacha baba peke yake kaburini na yeye akakae mjini kama mgeni. Nikajua kwamba kijijini kwao kikija kisima, mama atabaki kwake kwa raha zake. Kisipokuja, siku moja nitaitwa nikamwokote lamboni.

Kisima kikaja, au tuseme nusu yake. Serikali ya lile jimbo la Ulaya ilimtuma mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, aje asimamie uchimbaji. Maji yalipatikana chini kabisa, baridi na matamu, yakafunikwa kwa chuma yakisubiri pampu kubwa, tenki na mabomba. Alipokuwa akipita Korogwe, mzee huyo alikula kwangu. Siku moja nilimuuliza jimbo lao linataka nini kwetu hadi litukumbuke sisi wa Handeni, ambao hata wa karibu hawatukumbuki.

Akaniambia ukweli, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Chama kinachotawala jimboni kwao, ambacho yeye pia ni mwanachama wake, kinataka jimbo liwe nchi. Na watu wanaotaka kuwa nchi lazima wawe na marafiki wao wenyewe duniani, siyo kuazima wa serikali kuu.

"Kwa hiyo sisi ni marafiki wa kupigia picha," nikamwambia.

"Kidogo, mama," akajibu kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. "Lakini maji ni ya kweli."

Mimi nikaona sawa. Kwa maji yale ningekubali kuwa rafiki wa yeyote.

Sisi wenyewe hatukuwa na haki ya kuwacheka. Habari za tenki ziliposambaa tu, kitongoji cha ng'ambo ya korongo kikadai kuwa kijiji kamili, kiwe na mwenyekiti wake na tenki lijengwe upande wake. Watu waliokuwa wakizikana na kuozeshana wakaanza kupeana salamu za mdomoni tu. Mama alikuwa akisema tumeshagawana maji ambayo hata hatujayaonja. Mzozo huo ulitulia tulipoambiwa kwamba fedha za pampu zitapitishwa na baraza la jimbo lile baada ya uchaguzi wao.

Hapo ndipo nilipoanza kuishi kwenye simu. Yule mzee, akiwa amerudi kwao, alinitumia ujumbe wa sauti karibu kila jioni. Wanaotaka kujitenga walikuwa wamegawanyika. Kulikuwa na chama chake, na kulikuwa na chama kipya, nacho cha kujitenga, ila chenye hasira: kila senti ya jimbo ibaki jimboni. Wastaafu walikuwa wakihofia pensheni. Wengine walikuwa wamechoka tu, wakataka kumwadhibu mtu, na aliye karibu ni aliye madarakani. Nikamwambia hilo la kuadhibu nalielewa, hata kwetu lipo.

Kijiji kikaona tusikae kimya. Kwetu mtu akikupa kitu unamshukuru hadharani, kwa ngoma, mkiwa mmevaa rangi ya chama chake, ili aone haya kuacha kukupa. Mbunge anashukuriwa hivyo, diwani anashukuriwa hivyo. Kwa nini mzungu anyimwe? Nikapeleka vitenge vya zambarau, rangi ya chama cha mzee wetu. Safari hii hata wa ng'ambo ya korongo walivuka wakaja. Akina mama wakaimba kwa Kizigua na Kiswahili wakizunguka kile chuma cha kisima: kura zetu zote ni zenu, mkijitenga tunajitenga nanyi, mkishinda tumeshinda. Mama alikuwa mbele. Alikuwa na miguu ya dansi siku hiyo, sijui aliitoa wapi. Nikarekodi, nikamtumia mzee, naye kwa furaha akaitundika mtandaoni watu wake waione.

Kwa siku chache alituletea salamu za pongezi. Kisha akanyamaza. Alipoibuka alituma picha moja bila sauti.

Lilikuwa bango la kampeni la kile chama kipya, limesimamishwa kando ya barabara yenye theluji. Juu yake alikuwa mama yangu. Kitenge cha zambarau, mikono hewani, mdomo wazi na yale meno yake mawili ya mbele yasiyokuwepo, anacheka kwa moyo wake wote. Simu ikanitafsiria maneno yaliyokuwa chini yake: Nani anakunywa kodi yako?

Kumbe walikuwa wameutafsiri wimbo wetu, wakawaambia watu wao kwamba serikali ya jimbo inanunua washangiliaji Afrika kwa kodi yao. Shukrani zetu zikawa ushahidi wa wizi. Mzee aliniambia kwamba hata jirani yake anayetaka kujitenga tangu ujana amelikasirikia lile bango, na hasira yenyewe imemwangukia mzee mwenyewe badala ya waliolitundika. Nilitaka kumtukana. Nilitaka kuwatukana wote, niwaambie mwanamke huyo hajawahi kunywa hata kikombe cha kodi yao, anakunywa maji ya mkojo wa ng'ombe. Ningewaambia kwa lugha gani?

Nilikwenda Kwaluguru kumwambia mama mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Nikamshikia simu karibu na macho.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Wameniweka barabarani. Wamependa ninavyocheza?"

Nikamweleza. Akaivuta kanga yake kama anayesikia baridi.

"Lakini mwanangu, hawanijui," akasema. "Mtu usiyemjua unamkasirikia nini?"

Nikaizima simu, nikaifunga kwenye pindo la kitenge changu.

Chama kile kipya kikashinda jimboni. Jimbo halijajitenga, kwa ninavyosikia bado wanabishana na serikali yao kuu, lakini sisi walijitenga nasi mara moja. Yule mzee aliandika kwamba miradi ya nje imefutwa, akaomba radhi mara nyingi mno, hatimaye nikaacha kumjibu. Tukazunguka kwenye ofisi zetu wenyewe, tukaambiwa kisima kile kina mfadhili tayari, tumwulize yeye. Chuma kiko palepale. Ukiinama ukatupia kokoto kwenye kitundu chake unayasikia maji.

Mama alianguka lamboni msimu huo wa kiangazi. Wachungaji wa ng'ombe ndio waliomtoa. Nyonga iliyovunjika haikuunga vizuri, na safari hii sikumuuliza anataka nini. Nilimpakia kwenye gari nikamleta Masuguru, akilia njia nzima, nami nikilia na kumfokea anyamaze, maana sikuweza kuvumilia sauti yake.

Uani kwangu kuna bomba. Hukatika mara kwa mara, lakini likitoka linatoka. Kwa mama limekuwa kazi. Alfajiri anajikokota kwa fimbo, anapapasa mpaka analipata, anajaza ndoo. Zikijaa ndoo anajaza sufuria, birika, mabeseni ya kuogea wajukuu. Nilidhani ni uzee, nikawa nayamwaga akilala.

Juzi nilimkuta amekaa kwenye tope katikati ya vyombo vyangu vyote, vimejaa hadi ukingoni, na vikombe vya wageni pia.

"Nimemaliza," akaniambia. "Hata mwezi mzima yatanitosha. Sasa nirudishe kwangu, mwanangu, maji ninayo."