Bati Kati Yangu na Mama Mkwe

Shukrani zangu za kwanza zimwendee kuku. Najua mtu mzima hapaswi kuanza hivyo, lakini kuku huyo mwekundu ndiye aliyekuwa akiambiwa maneno yote niliyopaswa kuambiwa mimi mwaka ule tulipokaa Luberizi pamoja na mama mkwe, na bila maneno hayo mke wangu angenifia barabarani.

Nieleze. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Mkwe hali mbele yake, hamtazami usoni, naye mama mkwe hamsemeshi. Kukiwa na jambo anamwambia binti yake, na binti analifikisha. Miaka ya kawaida heshima hiyo ni rahisi, maana kila mtu ana kwake. Lakini vita havina adabu. Vilimtoa mama mkwe kwake milimani, vikamshusha uwandani na mbuzi mmoja na kisu chake cha kusukia nyungo, vikamweka katika ua wangu wenye nyumba ya vyumba viwili. Nikawa nakohoa kila nikitaka kutoka mlangoni, ili apate muda wa kugeuka. Binti yake akiwa kwenye mpunga, ilimbidi atafute mjumbe mwingine, akamchagua kuku.

"Weye kuku," alikuwa akisema huku amenipa mgongo, "ambia ule muntu chakula iko mu chungu."

Mke wangu alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza tuliipoteza. Mtoto alikataa kutoka, gari hakuna, tukamsukuma mama yake kwa baiskeli mpaka Uvira, na tulipofika mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni, ikabidi mama apasuliwe atolewe. Mara hii muuguzi wa kituo chetu cha afya alituambia waziwazi: huyu atapasuliwa tena, na kupasuliwa ni hospitali kubwa ya Uvira tu, kwa hiyo uchungu ukianza aondoke hapo hapo. Kumpeleka mapema akangojee mjini hatukuweza. Hatukuwa na ndugu kule, na siku zile watu wa mjini wenyewe walikuwa wakilala na mizigo imefungwa. Wenye magari walikuwa wamevuka nayo Burundi, na yaliyobaki yalichukuliwa na wenye bunduki, leo hawa, kesho wale. Basi nikaamua kutengeneza gari langu mwenyewe.

Nilikuwa fundi wa baiskeli na wa mashine za kukoboa mpunga, na kwa kiburi changu niliona gari ni vitu hivyo viwili vikiunganishwa. Injini na chasisi nilivipata kwenye gari kuukuu aina ya jipu lililotelekezwa nyuma ya ghala, ambamo kuku wetu alikuwa na mazoea ya kutaga. Mwili wa gari niliukata kwenye mapipa ya mafuta na kuunyoosha kwa nyundo. Kati ya injini na viti nilisimamisha bati nene, joto na moshi visitufikie. Betri ilikaa ndani, chini ya kiti, kwa hiyo waya zote zililazimika kupenya bati hilo: wa kuwashia, wa taa, wa honi, na ule mnene wa betri wenyewe.

Matundu niliyatoboa kwa msumari. Sasa, msumari haukati bati, unalirarua, na upande wa pili tundu linabaki limechanua meno. Niliyaona meno hayo kwa macho yangu. Nikapitisha waya hivyo hivyo, maana nilikuwa na haraka, na haraka yangu niliiita ufundi.

Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na mbuzi wake, anasuka ukingo wa ungo.

"Kuku," alisema, "unaona ile tundu? Iko na meno. Kamba ya mbuzi yangu ilikuwa inapita mu tundu ya bati kule kwetu, mwezi moja tu, ikakatika. Mbuzi haikuvuta. Kamba inakulwa na kutikisika."

Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini kwa desturi yetu neno aliloambiwa kuku halijanifikia mpaka mimi nikubali kwamba limenifikia. Ni mlango mzuri wa kutorokea, na wakwe wengi wameupita. Mwanamke wa nyungo anifundishe mimi umeme? Nikaongeza nguvu za nyundo. Siku ya pili akamrudia kuku kwa maneno yale yale. Siku ya tatu akamwambia kwamba dunia hii ina kuku wengi wasio na masikio.

Mimba ilipoingia mwezi wa nane, gari liliwaka. Majirani walipiga vigelegele. Nilitandika nyuma godoro la majani atakalolalia mke wangu, upande wa kichwani ukigusa kiti changu, kisha nikatoka peke yangu kulijaribu, nikielekea Katogota. Barabara yetu ilikuwa mashimo matupu, na kila shimo gari lilitetemeka kuanzia taa mpaka mkiani. Sijafika mbali nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Moshi ukatoka chini ya usukani. Kabla sijasimama vizuri, waya mnene wa betri ulikuwa mwekundu na godoro linawaka moto.

Niling'oa waya ule kwenye betri kwa mkono mtupu, na kovu lake ninalo mpaka leo. Nikamwagia godoro mchanga. Moto ulipozimika nikachungulia: meno ya bati yalikuwa yameutafuna waya mpaka ukabaki uchi, na uchi wake ukagusa bati. Nilikaa kando ya barabara nikalia kwa sauti, mwanamume mzima, na waliokuwa wakipita na ng'ombe wao waliniona. Sikuwa nikililia gari. Godoro lilikuwa limeungua upande wa kichwani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo, lakini guu ambalo lingevunjika halikuwa langu.

Majirani walinisaidia kulisukuma mpaka nyumbani. Mke wangu alilitazama godoro, akaniangalia mkono, akaingia ndani. Mama mkwe alibaki palepale alipokuwa, kuku miguuni pake. Nikachuchumaa mbali kidogo, nikampa mgongo kama inavyopasa.

"Kuku," nikasema, "ambia mama nilisikia tangu siku ya kwanza."

Alimalizia kwanza mzunguko wa ungo wake.

"Kuku, ambia mukwe wangu alete ile mupira ya ndani ya baiskeli yenye ilipasuka. Na kambambili ya zamani. Lakini mukono yake apakwe asali kwanza."

Kesho yake tukaanza upya. Mimi nililainisha kila tundu kwa tupa, nikilipitishia kidole mpaka kidole kisikwaruzike. Yeye alikata soli za kandambili akatoa pete nene, na kwa kile kisu chake cha nyungo akaichonga kila pete mfereji pembeni, ili ukingo wa bati ukae ndani ya mfereji na pete isichomoke. Mpira wa baiskeli aliukata utepe mrefu, tukauzungushia waya mahali unapopita kwenye pete, kila mzunguko ukilala nusu juu ya mwenzake, kama anavyofunga ukingo wa ungo. Kisha akamwambia kuku kwamba waya ufungwe kwenye bati pande zote mbili, karibu na tundu, maana mbuzi akifungwa kamba fupi hapati nafasi ya kuisugua.

Kazi hiyo inahitaji watu wawili, mmoja upande wa injini na mwingine ndani. Mimi nilichuchumaa mbele, yeye akapanda ndani akainama chini ya usukani, na bati likasimama kati yetu juu kuliko vichwa vyetu. Hakuna aliyemwona mwenzake. Hapakuwa na aibu yoyote! Nilikuwa naona ncha ya waya tu ikichungulia kwenye pete, na nyuma yake kidole cha mwanamke mzee kikiisukuma. Siku ya pili ya kazi nilitambua kuwa kuku ameondoka zamani, yuko huko anachakura, na maneno yanaendelea kupita.

"Vuta," bati liliniambia.

"Imefika," nililijibu bati.

Katika miaka yote ya vita sikupata saa nzuri kuliko hizo. Nilikuwa nimempoteza mama yangu mapema, na nilikuwa nimesahau mtu anavyojisikia akifundishwa bila kutukanwa.

Uchungu ulianza asubuhi, jua likiwa bado chini. Mama mkwe alipanda nyuma na binti yake, kichwa cha binti mapajani pake, juu ya godoro tulilolishona upya. Nilimkuta kuku ametaga kwenye kiti changu. Nikaliweka yai pembeni, nikawasha.

Kabla ya Sange tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari alilizunguka gari mara mbili.

"Hii ni nini?"

"Ni gari, shefu."

"Nani alikudanganya?"

Wenzake walicheka mpaka wakashika magoti. Gari zuri lingebaki pale, na sisi tungebaki kando yake. La kwangu hakuna aliyelitamani, na ninaushukuru ubaya wake mpaka kesho. Mke wangu alipotoa sauti, askari akachungulia nyuma, akaruka.

"Pita! Pita! Usituzalishie muntu hapa!"

Baada ya hapo barabara ikawa mbaya kuliko ile iliyoniunguzia godoro. Niliendesha mkono mmoja kwenye usukani na mmoja kwenye bati, nikipapasa pete za kandambili. Zilikuwa za vuguvugu tu, na waya umetulia ndani yake. Karibu na mto Runingu mke wangu alinyamaza. Nilimwita, hakuitika. Mguu wangu ukaenda kwenye breki, maana nilitaka kusimama, nigeuke, nimwone.

"Mukwe wangu."

Hakumwambia kuku. Hakumwambia bati. Mkono wake ulikuwa begani pangu, mara ya kwanza na ya mwisho maishani.

"Usisimame. Anapumua, miye niko namushika. Weye endesha."

"Ndiyo, mama," nikasema, nikaendesha.

Hospitalini walimchukua mbio. Mama mkwe aliruhusiwa kungojea kwenye ujia karibu na mlango wa chumba cha kupasulia. Mimi, kwa kuwa desturi ilikuwa imeturudia sote wawili tulipokanyaga chini, nilizunguka nikakaa barazani, upande wa pili wa ukuta, chini ya dirisha. Mkononi nilikuwa na lile yai, sijui nililibebea nini. Sikusali vizuri. Nilihesabu matundu ya bati, moja moja, kana kwamba bado tuko njiani na mojawapo linaweza kuniponyoka.

Kisha mtoto akalia.

Nilisikia kandambili za mama mkwe zikisogea ujiani, zikasimama nyuma yangu, karibu kabisa na ukuta. 

"Weye ukuta, ambia mukwe wangu: mama na mtoto bako bazima. Ni binti."

Mara hii sikungoja arudie.

"Ukuta," nikasema, "ambia mama nimesikia."