Jiwe la Baba Lililozimika

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Hata sukari nikinunua naipima tena nyumbani. Na miaka ile biashara huria iliporuhusiwa, Moshi ilijaa vitu vya kanyaboya, bandia tupu: saa, dawa, na mawe ndiyo usiseme.

Nilikuwa fundi cherehani mtaa wa Majengo. Baba aliniachia jiwe la kijani kilichokolea, saizi ya yai, aliloliokota akichimba barabara. Siku moja mchana mnunuzi wa mawe aliyefuata suruali yake akaliona, akasema mengine ya aina ile huwaka yakipashwa moto. Tukaziba dirisha la jiko kwa khanga, nikaliweka kwenye kikaango juu ya mkaa. Mama yangu! Likatoa mwanga wa samawati, likatulia pale linang'aa. Nililia, jamani. Mnunuzi akaahidi kumleta tajiri wake baada ya wiki mbili, nami nikalifunga kwenye kitambaa likiwa bado la moto.

Chumba changu cha kupanga kilikuwa na kufuli la kuchezea, kwa hiyo jioni ile ile nikalipeleka Machame, huko mlimani, kwa mume wa dada yangu. Yeye aliishi kwa kuchoma tanzanaiti: analifukia jiwe la kahawia kwenye majivu ya moto, linatoka la bluu. Wazazi wetu walishafariki, na kwa dada ndiko kulikobaki kwetu. Shemeji alilipokea na kitambaa chake, akaliweka kabatini.

Tajiri alipokuja nikalifuata jiwe. Khanga dirishani, kikaango kimoto, jiwe kimya. Tukapepea mkaa. Kimya. Nikalitoa juani na kuona hata rangi imepauka, kama maji yaliyochemshiwa mchicha. Tajiri akacheka, akaondoka. Mimi nikawaka.

Jumapili nikapanda kwa shemeji, ndugu zake wote wakiwa uwanjani kwake wametoka kanisani.

"Shikamoo nitakuamkia ukinirudishia jiwe la baba," nikamwambia.

"Shemeji, ni hilo hilo. Ulilichoma, moto umelibadili."

"Moto unaongeza rangi, hauli rangi! Wewe si ndiyo kazi yako? Usinifanye mjinga. Umelibadilisha, mwizi wee!"

Mlima mzima ulijua jiwe huingia motoni baya, likatoka zuri. Nikawaona ndugu zake wanatazamana. Dada akaingia ndani akilia, na mimi nikateremka nikijiona shujaa. Krismasi ikaja, Wachaga wote wakapanda makwao, mimi nikabaki mjini na cherehani yangu.

Mwaka uliofuata nilimshonea gauni mama mmoja mtaalamu wa madini. Nikamsimulia ule wizi. Akaniuliza nimelichoma mara ngapi. Akasema miale iliyomo mwambani hulipiga jiwe la namna hiyo miaka isiyohesabika, huliumiza ndani, na jeraha hilo ndilo linaloweka mwanga na hata rangi. Ukilipasha moto jeraha linapona, mwanga unatoka wote mara moja, basi. Ni kama ng'ombe uliyemkamua, akasema, ila huyu anahitaji maelfu ya miaka kujaza kiwele.

Nikamshuku na yeye. Lakini kwenye kopo la vifungo nilikuwa na kibanzi kilichobanduka jiwe lilipomponyoka baba, hakijawahi kuona moto. Nikakijaribu kwenye lile jiwe lililopauka: kikakaa kwenye pengo lake sawasawa. Nikakiweka kikaangoni, kikawaka samawati. Nikakiacha kipoe, nikakipasha tena. Giza. Na kilikuwa kimepauka vile vile. Mimi ndiye niliyelizima jiwe la baba, kwa mkono wangu.

Nikachuma jani la isale, nikapanda Machame. Kwetu Wachaga ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe. Nilipiga magoti uwanjani, mbele ya watu wale wale, nikampa. Shemeji akalipokea kwa mikono miwili, akanipa mkono, akaniita mdogo wake. Dada akapika mtori, tukala, tukacheka.

Shemeji bado anakuja kwangu mjini, anakunywa chai vizuri kabisa. Akiaga, kabla hajavuka kizingiti, anatoa nje mifuko yote miwili ya suruali na kunionyesha. "Kagua, shemeji," anasema, na watu wote wanacheka. Suruali hizo huwa nimemshonea mimi.